Bwawa la chemchemi korongoni: namna ya kulijenga lisichukuliwe na masika

Ukitembea kwenye makorongo ya vilima vya Pugu mwezi wa Februari, jua likiwa limekausha kila kitu, utafika mahali unyayo unazama. Juu yako pana mkuyu mkubwa, pembeni magimbi yamestawi, na katikati ya mizizi maji yanachuruzika kidogo kidogo bila kelele. Hilo ndilo jicho la chemchemi. Makorongo ya namna hii yako pia Goba, Makongo Juu na Kibamba, kokote ambako Dar es Salaam inaacha tambarare ya pwani na kuanza kupanda. Wenye viwanja vinavyoishia korongoni wengi hukiona kipande hicho kama hasara. Hukimwagia kifusi, wengine taka. Inaniuma kila ninapoona, kwa sababu jicho likishafukiwa, maji huhama na kutokea kwa jirani, mara nyingine chini ya msingi wa nyumba yake.

Bwawa langu nimelijenga mara mbili. La kwanza nililiweka katikati ya korongo: nikaziba kwa tuta la udongo kutoka ukingo huu hadi ule, maji yakajaa, nikafurahi. Lilidumu miezi saba. Usiku mmoja wa Aprili mvua ililiondoa tuta lote pamoja na samaki, asubuhi nikakuta mchanga na mawe. Mzee jirani anayelima magimbi bondeni alikuja kutazama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Hapa hupita maji mawili, na wewe uliyapokea yote kwa mlango mmoja."

Bwawa la pili nimelijenga juu ya maneno yale, na limeshavuka masika kadhaa. Maelekezo yote yanayofuata yanatoka humo: maji ya chemchemi yana njia yake, maji ya mvua yana njia yake, na kazi yako ni kuhakikisha hayakutani ndani ya bwawa.

Hatua ya 1: Yafahamu maji mawili kwa hesabu

Chukua korongo linalopokea maji ya eneo la hekta 2, yaani kama ekari 5. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa saa moja, na nusu yake ikatiririka badala ya kuzama, unapata lita 500,000 ndani ya saa hiyo. Ni kama lita 139 kila sekunde. Chemchemi yangu hutoa lita 24 kwa dakika, chini ya nusu lita kwa sekunde. Maji ya mvua ni zaidi ya mara 300 ya maji ninayoyataka, tena yanakuja na mchanga, matawi, chupa na viroba. Tuta la udongo la kujengwa kwa majembe haliwezi kuyazuia. Maji yakishaanza kumwagika juu ya tuta huchimba upande wa nje, na kuanzia hapo ni suala la dakika.

Angalia pia juu ya korongo kuna nini. Kila bati jipya na kila ua uliowekwa matofali huondoa ardhi iliyokuwa inakunywa mvua, kwa hiyo korongo lililokuwa tulivu miaka kumi iliyopita sasa linaweza kupokea maji mengi zaidi kwa mvua ile ile. Usipange kwa alama za zamani tu ulizoonyeshwa kingoni.

Hatua ya 2: Karatasi kabla ya jembe

Maji ya chemchemi si yako hata kama yanatokea kwenye kiwanja chako. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009, anayetaka kuchepusha, kuzuia au kuhifadhi maji anahitaji kibali cha kutumia maji, na kwa Dar es Salaam mamlaka husika ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 nayo, katika kifungu cha 57, inaweka mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu wala zile zinazoweza kudhuru uhifadhi. Kwa hiyo anza serikali ya mtaa, nenda bodi ya bonde, uliza chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, na usianze kuchimba mpaka uwe na jibu la maandishi mkononi. Kama korongo lako limeingia ndani ya mpaka wa msitu wa hifadhi, kama ule wa Pugu na Kazimzumbwi, achana na wazo hili kabisa.

Fikiria na walio chini yako. Makorongo ya Pugu ndiyo yanayolisha mto Msimbazi, ule unaopita Vingunguti na Jangwani hadi kumwaga baharini karibu na Daraja la Selander. Kuna mtu anayemwagilia mchicha kwa maji unayotaka kuyatuliza. Bwawa likishajaa, kiasi kinachoingia karibu chote kitatoka, na hilo si tatizo kwake. Tatizo ni siku za kujaza, na hapo umwachie nusu.

Hatua ya 3: Pima kwa ndoo, na uwe na subira

Tengeneza kituta kidogo cha muda kwa udongo wa mfinyanzi, choma kipande cha bomba, kinga maji kwenye ndoo ya lita 20 na uhesabu sekunde kwa simu. Rudia mara tatu uchukue wastani. Sekunde 50 ni lita 24 kwa dakika, takribani lita 34,500 kwa siku.

Kipimo cha masika hakikufai kitu. Pwani yetu ina nyakati mbili za ukame: Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba. Pima mwishoni mwa kila moja. Chemchemi inayotoa maji mwezi wa Mei na kukauka Septemba ni mvua iliyochelewa kushuka tu, na bwawa lake litakuwa tope la mbu nusu mwaka.

Hapa wengi hukata tamaa mapema mno wakiona maji ni machache. Fanya hesabu ya kinachopotea. Bwawa lenye uso wa mita 10 kwa 8 hupoteza kwa jua kama milimita 5 kwa siku, ambayo ni lita 400. Likiwa na sakafu nzuri ya mfinyanzi, ardhi itakunywa lita nyingine 400 hadi 800. Jumla ni kama lita 1,200. Chemchemi ya lita 1 tu kwa dakika hutoa lita 1,440 kwa siku, kwa hiyo hata hiyo inaweza kulitunza bwawa la ukubwa huo. Hofu yako ielekeze kwenye mchanga, si kwenye udogo wa chemchemi.

Hatua ya 4: Mahali

Tafuta pembeni mwa korongo, kwenye kipande cha ardhi tambarare, kipana kidogo, kilichoinuka juu ya njia ya mafuriko, upande ule ule wa jicho. Dalili za njia ya mafuriko zinaonekana: takataka zilizonasa kwenye matawi, mizizi iliyovuliwa udongo, mawe yaliyolazwa kuelekea upande mmoja. Bwawa zima, pamoja na tuta lake, likae juu ya alama ya juu kabisa kati ya hizo, kisha ongeza nusu mita kwa ajili ya nyumba zinazozidi kujengwa juu.

Sharti la pili ni la kimo. Uso wa maji bwawani lazima uwe chini ya jicho, angalau sentimita 30. Ukiinua maji hadi yafunike jicho, unalirudisha nyuma kwa uzito, na chemchemi hutafuta upenyo mwingine pale pasipo na upinzani. Maji hufuata mkondo, nayo yakishahama hayarudi kwa kubembelezwa. Pima kimo kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule ambao mafundi hutumia kusawazisha msingi. Ni rahisi na haudanganyi, mradi usiwe na mapovu ndani.

Ukikosa mahali penye sifa hizo mbili, basi korongo lako linafaa kwa kitu kingine. Panda miti ya asili kulizunguka jicho, uweke kibirika kidogo cha kuchotea, inatosha. Nimewaambia watu wawili hivyo na mmoja hakupenda.

Miti yenyewe uihurumie. Mkuyu juu ya jicho usiuguse. Kivuli chake hupunguza joto na mizizi yake hushika kingo. Mkaratusi ni habari nyingine: hunywa maji mengi, na kama upo karibu na jicho na ni wako, uondoe.

Hatua ya 5: Udongo

Sehemu hii ndiyo inayoamua kama utakuwa na bwawa au shimo. Vilima vyetu vina tabaka za mchanga zilizopishana na mfinyanzi, na mara nyingi chemchemi yenyewe hutokea pale mchanga unapokalia mfinyanzi: maji ya mvua yaliyozama hushuka, hugonga tabaka lisilopenyeka, huteleza juu yake mpaka yatoke ubavuni mwa korongo. Kwa hiyo mfinyanzi upo, swali ni uko kina gani hapo unapotaka kuchimba.

Chimba mashimo matatu ya majaribio, kila moja lifike chini ya kina unachokusudia. Chukua udongo wa kila tabaka, ulowanishe, uviringishe uwe kamba nene kama kidole, kisha ukunje mduara. Usipopasuka, ni mfinyanzi wa kutosha. Ukikatika mapema, una mchanga mwingi. Kisha fanya jaribio la chupa: jaza theluthi ya chupa ya lita 1.5 kwa udongo uliopondwa, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, uiache imesimama. Mchanga hutuama ndani ya dakika moja, udongo laini huchukua saa kadhaa, mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Utaona matabaka kwa macho.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Jaza moja ya mashimo hayo maji asubuhi hadi juu. Jioni yatakuwa yamepungua kwa sababu udongo mkavu umekunywa. Jaza tena, funika kwa majani ya mgomba, ukalale. Kesho asubuhi kama maji mengi bado yapo, jenga. Kama shimo ni kavu, itabidi ulete mfinyanzi wa kutandika sentimita 30 sakafuni na kwenye kingo, na ukanyagwe ukiwa mbichi kama wafinyanzi wanavyokanyaga udongo wa vyungu. Ni kazi ya siku nyingi na gharama yake ni kubwa kuliko kuchimba.

Watu huniuliza kuhusu turubai la plastiki la mabwawa. Kwenye uwanda mkavu ni kitu kizuri sana. Korongoni penye chemchemi sikushauri: masika maji ya ardhini hupanda, husukuma kutoka chini, na turubai huvimba katikati ya bwawa. Sakafu ya zege nayo hupasuka kwa sababu hiyo hiyo.

Hatua ya 6: Lini uanze

Anza Juni masika yakiisha na ardhi bado ina unyevu kidogo, umalize Septemba. Vuli huanza Oktoba, na tuta lisilo na majani halitaivumilia. Unyevu una maana yake: udongo mkavu kabisa haushindiliki, na wenye tope haushindiliki pia. Ule unaoushika mkononi ukafanya donge bila kuacha maji kiganjani ndio wa kufanyia kazi. Ukichelewa mpaka Agosti utalazimika kunyunyizia maji kila tabaka.

Hatua ya 7: Jicho

Fukua taratibu kwa mkono na jembe dogo kuelekea ndani ya ubavu, ukifuata maji, mpaka uone yanapotoka kwenye tabaka gumu. Usipige sururu hapo wala usipanue kwa tamaa ya kuongeza maji. Mfinyanzi ulio chini ya jicho ukiutoboa, maji yatazama moja kwa moja na hutayaona tena.

Panga mawe makubwa mbele ya jicho, kisha kokoto iliyooshwa, na mbele ya kokoto jenga kiukuta kifupi cha mfinyanzi au zege chenye bomba la inchi 2 lililotoboka. Bomba liwe chini kidogo ya jicho ili maji yatoke bila kusukumwa nyuma. Juu ya kokoto funika kwa karatasi ya nailoni, kisha udongo, kisha panda ukoka. Chimba mfereji mdogo juu ya jicho, kama mita 5 kutoka hapo, ukinge maji ya mvua yasiingie.

Usishangae ukiona utelezi wa rangi ya kutu kwenye bomba na utando unaong'aa juu ya maji. Uguse kwa kijiti: ukivunjika vipande kama gamba, ni chuma cha ardhini na vijidudu vyake, hakina madhara kwa bwawa. Ukijikusanya tena mara moja, ni mafuta, na hapo utafute gereji iko wapi.

Maji haya yasinywewe kabla hayajapimwa maabara. Vyoo vya shimo na mashimo ya maji machafu yako juu ya makorongo karibu yote ya mji huu, na uwazi wa maji hausemi chochote kuhusu vijidudu. Kwa bustani na samaki yanafaa.

Hatua ya 8: Mfereji wa kinga, shimo na tuta

Kabla ya bwawa lenyewe, chimba mfereji wa kinga upande wote wa mlimani, wa kupeleka maji ya mvua korongoni chini ya bwawa. Sakafu yake sentimita 60, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Ukizidisha mteremko mfereji utajichimba wenyewe, ukipunguza utajaa mchanga. Sehemu ya mwisho, unaposhuka korongoni, panga mawe. Nilianza na bwawa mara ya kwanza na mfereji nikauahirisha. Safari hii mfereji ulikuwa kazi ya siku ya kwanza.

Kipimo cha shimo langu ni mita 10 kwa 8 juu, kina mita 1.5, na kingo zina mlalo wa 2 kwa 1: kila unaposhuka mita moja, unaingia ndani mita mbili. Chini inabaki mita 4 kwa 2. Maji yake ni kama lita 57,000, na kwa chemchemi yangu ingechukua chini ya siku mbili kujaa kama ningeyaelekeza yote. Vijana wanne wenye majembe, sururu, mabeleshi na matoroli mawili walimaliza kuchimba ndani ya wiki mbili. Kuleta trekta korongoni kungeua miti mingi kuliko faida yake.

Sasa tuta, ambalo linakaa upande wa korongo tu kwa kuwa upande wa pili ni mlima. Ondoa kwanza udongo mweusi wa juu, majani, mizizi na kila kisiki. Udongo huo uweke pembeni, utautumia mwisho. Mzizi ulioachwa ndani ya tuta huoza na kuwa bomba. Katikati ya mstari wa tuta chimba mtaro upana wa sentimita 80 mpaka uingie kwenye mfinyanzi nusu mita, ujaze mfinyanzi safi na kushindilia. Mtaro huu ndio unaozuia maji yasipite chini kwa chini.

Pandisha tuta kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe kwa gogo zito lenye mpini au kwa mashine ya kukodi, mpaka kisigino kisiache alama. Vibarua watataka kumwaga nusu mita kwa mara moja. Simama hapo siku nzima ikibidi. Tuta lililomwagwa bila kushindiliwa huonekana sawa kwa nje, lakini maji hulipita. Juu liwe na upana wa mita 1.5, kingo zote mbili 2 kwa 1, na kimo cha nusu mita juu ya uso wa maji unaoutarajia. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kushuka kwake. Malizia kwa ule udongo mweusi, ukipanda ukoka siku hiyo hiyo. Mti hata mmoja usipandwe juu ya tuta, wala mgomba.

Hatua ya 9: Bomba la kutolea na utoro

Bomba la inchi 4 lipite chini ya tuta, kwenye kina cha mwisho cha bwawa, likiwekwa kabla tuta halijapanda. Katikati ya urefu wake lifunge kola ya zege ya sentimita 60 kwa 60, ili maji yasifuate mgongo wa bomba kutoka nje. Upande wa ndani weka elbo, yaani kiungo cha kona, isiyogundishwa, iliyopakwa grisi, na juu yake bomba lililosimama hadi kimo cha maji. Maji yakizidi huingia juu na kutoka. Ukitaka kukausha bwawa, unaliinamisha bomba pole pole. Livalishe bomba la inchi 6 lenye matundu chini tu, refu kupita uso wa maji: hapo maji yanayotoka yatakuwa ya sakafuni, yale mazito yasiyo na hewa, na yale mazuri ya juu yatabaki.

Pamoja na bomba, lazima kuwe na utoro wa maji, yaani mlango wa dharura. Ukate kwenye ardhi ya asili pembeni mwa tuta, kamwe usiwe juu ya tuta lenyewe. Upana mita 2, sakafu yake sentimita 20 juu ya mdomo wa bomba na sentimita 30 chini ya kimo cha tuta, uwe na ukoka uliokwisha shika. Siku bomba likizibwa na majani, utoro huu ndio utakaoliokoa bwawa.

Hatua ya 10: Kujaza

Jaza sentimita 40, usimame siku tatu. Kila siku tembea nyuma ya tuta ukitazama chini. Unyevu kidogo au maji masafi yanayotoka matone ni ya kuvumilika, mara nyingi huziba yenyewe. Maji yenye rangi ya udongo, hata yakiwa membamba kama uzi, maana yake tuta linaliwa kwa ndani: inamisha bomba, kausha, fukua hapo ushindilie upya. Hakuna njia ya mkato katika hilo. Kisha sentimita 40 nyingine, mpaka mwisho.

Majani, samaki, mbu

Bwawa la msituni lina adui mmoja asiye na kelele, majani. Yakioza sakafuni hula hewa ya maji na kuacha tope jeusi lenye harufu ya yai bovu. Weka chekeche mdomoni mwa bomba, na kila wiki za majani mengi pitisha wavu juu ya maji. Tope likifika kiganja kimoja, kausha Agosti, ulichote. Ni mbolea nzuri kwa migomba.

Maji ya chemchemi hutoka ardhini yakiwa na hewa kidogo. Yaangushe juu ya mawe kutoka kimo cha mguu kabla hayajaingia bwawani. Perege wawili kwa kila mita ya mraba wanatosha, kwa sababu kivuli hupunguza chakula chao cha asili. Chukua perege wa mito ya pwani. Sato si wa asili huku, na siku moja baadhi yao watatoroka kwenda Msimbazi. Kambare usimweke pamoja na perege wadogo, atawamaliza, na usiku wa mvua anaweza kutambaa kwenye majani akaondoka zake.

Perege hula viluwiluwi vya mbu, ila hawafiki kwenye majani ya ukingoni, na mbu wa malaria hutaga hapo hapo. Kwa hiyo ukingo wa maji uwe safi pande zote. Maeneo madogo yaliyotuama nje ya bwawa, nyayo na mashimo ya kuchotea udongo, fukia. Ukikuta bado viluwiluwi vipo, tumia viuadudu vya kibayolojia vya aina inayotengenezwa Kibaha. Usafi huo wa ukingo ndio huo huo unaozuia konokono wa kichocho. Konokono akiwepo, mtu mmoja mgonjwa akikojoa majini anatosha kuwaambukiza wote wanaoingia, basi pasiwe mahali pa kuogea, na choo cha vibarua kiwe mbali tangu siku ya kwanza ya kazi.

Kaa na kenge hutoboa matuta. Kila shimo unaloliona lijaze mfinyanzi na kushindilia siku hiyo hiyo.

Watoto

Uzio kabla ya maji. Wengi huweka baadaye. Wa mianzi unatosha kama umefungwa vizuri na mlango wake una komeo la juu. Ndani ya bwawa, upande wa kuingilia, acha ngazi ya udongo ya upana wa mita moja na kina cha sentimita 30, ili anayeteleza apate pa kukanyaga. Kamba ndefu yenye dumu tupu la lita 5 ining'inie kwenye nguzo muda wote, na kila mtu wa nyumbani ajue ni ya nini.

Mvua kubwa ya kwanza

Itakapokuja, huenda usiku, vaa mabuti na uchukue tochi na jembe. Usishuke korongoni. Pita juu kwa juu kwenye mfereji wa kinga, toa matawi yaliyoziba, tazama mahali maji yanapotaka kuruka ukingo upaongezee udongo. Kisha nenda kwenye tuta, umulike mdomo wa bomba na utoro. Maji ya bwawa yanatakiwa yabaki na rangi yake hata korongo likiwa jekundu kama chai. Simama kidogo usikilize: upande mmoja korongo linanguruma, upande mwingine bomba la inchi 2 linamwaga juu ya mawe kwa sauti ile ile ya Februari. Ukizisikia zote mbili, kila moja mahali pake, rudi ndani ukalale.